Asilimia Mia Moja ya Jiwe la Lyamba

Nchi hii haipo. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, na akiona inafanana na mahali anapoishi, ajue ni uchovu wa macho tu, akapumzike.

Basi, katika nchi hii isiyokuwepo, jiwe liliporomoka kutoka Mlima Lyamba likakaa katikati ya barabara pekee iendayo Isangilo. Kulia palikuwa na ukuta wa mlima, kushoto korongo. Jiwe lilikuwa na kimo cha mtu na nusu. Mtu mwenye afya aliweza kulipanda kwa kamba na kuteremkia upande wa pili, lakini gari halikupita, wala ng'ombe, wala mgonjwa.

Nyamizi Lukelesha alifika pale kesho yake asubuhi. Alikuwa mnyapara wa matengenezo ya barabara kwa miaka kumi na minne, mwanamke mrefu ambaye hata chakula alikula amesimama. Alichungulia chini ya jiwe, akapiga changarawe teke, akawageukia watu wake.

"Limekaa pabaya lenyewe," alisema. "Tukichimba upande wa korongo, mitaimbo minne, watu wanane, nusu saa tu tunakunywa chai."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Huko Isangilo ndiko aliko mdogo wake Kabula, mjamzito wa miezi minne, na daktari wa hospitali ya wilaya alishampima akamwambia wazi: kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa uzazi. Asipande, asibebe kitu, asisubiri uchungu. Wiki ishirini nyingine zikitimia awe mezani kwa upasuaji, la sivyo damu itamwishia nyumbani. Nyamizi alizihesabu zile wiki kwa vidole, akaona zinatosha kuondoa hata mlima wenyewe.

Hapo ndipo alipokosea. Mitaimbo ilikuwa imefungiwa kwenye stoo ya wilaya, naye akaandika barua ya mistari mitatu kuiomba. Barua ikapanda. Katika nchi hii barua hupanda tu, na hakuna aliyewahi kuiona ikishuka.

Siku kumi na moja baadaye ulizaliwa Mradi wa Kitaifa wa Uondoaji Endelevu wa Jiwe la Lyamba. Mlezi wa Mradi alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mponeja. Chini yake kulikuwa na Kamati ya Uongozi ya watu kumi na tisa, na chini ya kamati kulikuwa na Mkurugenzi wa Mradi, Bwana Ndalahwa, mtu mpole mwenye mashavu laini, aliyesifika kwa kukamilisha kisima ambacho hakikupungukiwa na kitu chochote isipokuwa maji. Nyamizi naye hakusahaulika. Kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuliona jiwe, aliteuliwa kuwa Mratibu wa Taarifa za Maendeleo, akapewa kiti cha kuzunguka. Kiti kile hakukikalia.

* * *

Warsha ya kupanga mradi ilifanyika mji mkuu, mwendo wa siku nzima kutoka lilipo jiwe, ili wajumbe wasije wakashawishiwa na hali halisi. Walianza na jedwali la wadau. Mdau wa kwanza aliyeandikwa ubaoni alikuwa jiwe. Ushawishi wake: mkubwa. Mtazamo wake kuhusu mradi: haujulikani. Mjumbe mmoja aliomba litafutwe namna ya kushirikishwa, na wenzake wakampongeza kwa kuona mbali. Wananchi wa Isangilo nao walitajwa, baada ya chai.

Kisha likaja daftari la hatari. Hatari kubwa kuliko zote, kwa mujibu wa mtaalamu aliyesafirishwa kwa ajili ya kazi hiyo, ilikuwa jiwe kuondoka kabla ya wakati wake. Ikaamuliwa lizungushiwe waya na liwekewe askari sita.

Mwisho ulifunuliwa mpango kazi wenyewe, karatasi iliyofunika ukuta mzima, yenye vijiti vya rangi vilivyopandana kama ngazi. Shughuli zilikuwa mia moja na kumi na nne. Kubuni nembo ilikuwa ya tatu. Kutathmini mahusiano ya jiwe na jamii ilikuwa ya arobaini na moja. Nyamizi alitembea kando ya ukuta akizisoma moja moja, mpaka pembeni kabisa, karibu na mlango wa choo, akaikuta: "114. Kuondoa jiwe. Wiki ya 24."

Alihesabu tena kwa vidole. Wiki ishirini na nne. Kabula alikuwa na ishirini, na mbili zilikuwa zimeshapita.

"Mkurugenzi," alisema, "kwa nini kuondoa jiwe kuwe mwisho?"

Bwana Ndalahwa alimtazama kwa huruma. "Bi Nyamizi, tukiliondoa mwanzoni, hizi shughuli nyingine mia moja na kumi na tatu tutazifanyia nini?"

"Tusizifanye."

Ukumbi ulicheka. Walidhani anatania, na wengine wakaandika utani huo kwenye madaftari yao.

"Nina mdogo wangu upande ule," Nyamizi alisema. "Mjamzito. Zimebaki wiki kumi na nane tu."

"Pole sana, dada yangu," Bwana Ndalahwa alisema, na alimaanisha. "Lakini ujauzito wake haumo kwenye hadidu za rejea."

* * *

Kazi ya Nyamizi ilikuwa kujaza fomu ya maendeleo kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza aliandika, "Jiwe lipo." Fomu ilirudishwa kwa maelezo kwamba huo ni umbea, si taarifa, taarifa ina asilimia. Bwana Ndalahwa akamfundisha namna ya kuhesabu. Unachukua shughuli zilizofanyika, unazigawa kwa shughuli zote, basi. Nembo ni shughuli moja, jiwe ni shughuli moja. Hakuna upendeleo.

Kwa hesabu hiyo mradi ulikwenda mbio. Nembo ilipochorwa, jiwe likawa limeondolewa kwa asilimia tatu. Fulana zilipogawiwa, likafika kumi na saba. Bango la mradi liliposimikwa, kubwa kiasi cha kuwaficha askari wote sita, waandishi wa habari walikuja kulipiga picha wakaandika kwamba sehemu kubwa ya jiwe sasa haionekani, jambo ambalo lilikuwa kweli ukisimama nyuma ya bango. Nyamizi alizunguka ofisini kutoka dirisha hadi mlango, akijaza na kutuma, akijaza na kutuma. Usingizi ulimpaa. Kila Jumapili alipanda jiwe kwa kamba, chini ya macho ya askari, akaenda kumtazama mdogo wake, na kila Jumapili tumbo lilikuwa limesogea mbele kuliko mradi.

"Dada, mmefika wapi?" Kabula aliuliza.

"Asilimia sitini na mbili."

"Kwa hiyo limebaki nusu yake?"

Nyamizi alijifanya anatafuta ndala zake.

Nafuu ilitoka mahali pasipotarajiwa. Idara ya afya ya wilaya, ambayo kwa bahati nzuri hakuna aliyeialika kwenye warsha, iliegemeza ngazi mbili pana pande mbili za jiwe, ikajenga jukwaa la mbao juu, na wabebaji wanne wakawa wanavusha wagonjwa wamelala kwenye machela. Hospitali haikuwa na kitanda cha kumweka Kabula mapema, hivyo akapangiwa kuvushwa Alhamisi ya wiki ya kumi na nane tangu jiwe lianguke. Alifunga begi lake, akaliweka mlangoni.

Lakini katika wiki ya kumi na saba ngazi moja iliteleza, mgonjwa wa ngiri akaanguka na machela yake, akavunjika mguu. Nyamizi alikuwepo. Aliusikia ule mfupa.

"Mdogo wangu hapiti pale juu," aliwaambia watu wake wa zamani wa barabarani, Shigela na Kwilasa na wengine sita. "Jiwe liondoke wiki hii."

"Askari je?" Shigela aliuliza.

Nyamizi alikuwa ameshalifikiria hilo, akizunguka. Mradi ulikuwa asilimia tisini na tisa. Shughuli zote mia moja na kumi na tatu zilikuwa zimefanyika, imebaki ile ya karibu na mlango wa choo. Askari wanalinda jiwe. Jiwe likiisha kwenye karatasi, watalinda nini? Wataondoka, na watu wanane watafanya kazi yao Jumamosi asubuhi, na uongo utakuwa umekaa siku moja tu kabla haujawa kweli. Aliliona jambo hili limenyooka kabisa. Ijumaa, tarehe nne, aliandika kwenye fomu: "114. Jiwe limeondolewa. Asilimia mia moja."

* * *

Jumamosi walifika wanane na makoleo. Askari walikuwepo, tena sasa kumi na wawili.

"Jiwe limeondolewa," Nyamizi alimwambia mkuu wao. "Hamjapata taarifa?"

"Tumepata, mama. Hongereni." Mkuu wa askari alipiga saluti. "Sasa tunalinda barabara mpya isichezewe mpaka Mheshimiwa aje kuifungua. Haruhusiwi mtu kupita wala kupanda."

"Kupanda nini?"

Mkuu wa askari aliligeukia jiwe, akaligeuzia mgongo. "Chochote kile," alisema.

Jumatatu idara ya afya ilisoma gazetini kwamba barabara imekamilika, ikaja kuchukua ngazi zake, na jukwaa, na wabebaji, ikavipeleka kwingine kwenye shida. Alhamisi Kabula alikaa mlangoni na begi lake tangu saa moja asubuhi hadi jua linazama.

Nyamizi alimvamia Bwana Ndalahwa ofisini bila kubisha hodi.

"Nilidanganya," alisema. "Jiwe halijaondoka. Lipo pale pale. Nirudishieni ile fomu niandike tisini na tisa."

Bwana Ndalahwa alifunga mlango taratibu. "Bi Nyamizi, najua lipo. Kamati inajua. Mheshimiwa anajua vizuri sana, ana picha zake. Lakini asilimia haishuki."

"Kwa nini isishuke?"

"Fomu haina mahali pa kushukia. Ukiandika namba ndogo kuliko ya wiki iliyopita, inarudi. Imetengenezwa hivyo ili kulinda maendeleo." Alimwonesha, kwa kidole. Kweli hapakuwa na mahali.

"Mtu atakufa."

"Mheshimiwa akishafungua barabara, sote tutakuwa huru. Jumatano ya wiki ya ishirini. Nimemwomba aharakishe, kwa ajili yako." Macho yake yalilengwalengwa na machozi, kwani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu.

Nyamizi alitoka. Hasira yote aliyokuwa nayo juu yao ilimrudia mwenyewe, maana ngazi ile mbovu ilikuwa inapitisha watu, na aliyeiondoa ni yeye, kwa mkono wake, kwa kalamu ya ofisi.

* * *

Jumatano ya wiki ya ishirini hema zilipigwa mbele ya jiwe. Meza kuu ilifunikwa kitambaa cheupe na maua, na nyuma yake yalipangana magari thelathini ya viongozi, yameziba barabara mpaka kwenye kona. Juu ya meza ndogo palikuwa na maonesho ya zana za mradi: mitaimbo minne, imepakwa rangi ya dhahabu na kufungwa utepe.

Waziri alikata utepe uliopita kimo cha kifua chake, hatua mbili kutoka kwenye jiwe.

"Itifaki imezingatiwa," alianza. "Ndugu wananchi, leo natazama mbele yangu na sioni kizuizi chochote!" Alikuwa akilitazama jiwe moja kwa moja. Watu walipiga makofi. "Wasiotutakia mema walisema haiwezekani. Nawauliza, liko wapi hilo jiwe lao?"

Ndipo honi ikalia nyuma ya jiwe. Ilikuwa gari la zahanati ya Isangilo, lililonaswa upande ule tangu siku ya kwanza. Simu ya Nyamizi ilitikisika mfukoni.

"Dada Nyamizi," muuguzi alisema, akipaza sauti juu ya honi. "Damu imeanza. Nimemlaza garini, tuko hapa nyuma. Siwezi kumpandisha, hata akiinuliwa kidogo inazidi. Fanyeni kitu!"

Nyamizi aliitia simu mfukoni. Alikwenda kwenye meza ya maonesho, akachukua mtaimbo, utepe ukining'inia. Shigela, aliyekuwa amesimama pembeni na wenzake saba wenye makoleo, akachukua wa pili. Kwilasa alichukua miwili, akamrushia mwenzake mmoja. Wengine waliingia kwa makoleo upande wa korongo, na changarawe ikaanza kumwagika.

"Simameni hapo!" mkuu wa askari alifoka. "Mnagusa nini?"

"Sema wewe," Nyamizi alijibu, akizamisha mtaimbo. "Tunagusa nini?"

Mkuu wa askari akamtazama Waziri. Waziri aliinamia kipaza sauti.

"Wazuieni! Wasisukume hilo… hilo…"

"Hilo nini, Mheshimiwa?" mshereheshaji aliuliza kwa nia njema kabisa, ili apate kulitangaza.

Uwanja mzima ulisubiri. Wajumbe kumi na tisa wa Kamati ya Uongozi walitazama viatu vyao. Waziri alikunywa maji. Hakukuwa na neno ambalo angeweza kulitumia, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuondolewa tarehe nne, kwa taarifa aliyoisaini.

"Hewa," alisema hatimaye. "Wasichafue hewa."

"Moja! Mbili!" Shigela aliita, na watu wanane wakalalia mitaimbo. Jiwe lilitoa mlio wa chini, likainamia korongo kama mtu anayechungulia, likaenda. Mshindo wake ulipasua vikombe meza kuu. Vumbi lilipanda likawavika viongozi wote rangi moja.

"Makofi kwa upepo huo!" mshereheshaji alipaza sauti.

Gari la zahanati lilipita, likasimama mbele ya magari thelathini. Nyamizi alikimbia akigonga boneti: rudini nyuma, rudini nyuma! Madereva walikuwa tayari, lakini kwa itifaki gari la mdogo haliwezi kuondoka kabla ya la mkubwa, na la mkubwa lilikuwa mbele, halina pa kutokea. Wakaanza kushauriana. Nyamizi alirudi mbio, akavuta kitambaa cheupe cha meza kuu na maua yake yote na hotuba, akapaza sauti, "Shikeni miguu!" Wanane waliibeba meza kuu. Kabula alihamishiwa juu yake amelala, muuguzi akimshikilia, uso wa Kabula umekuwa wa majivu, na wakaenda naye ubavuni mwa magari thelathini hadi kwenye lile la mwisho kabisa, kigari cha mpiga picha, ambaye hakuuliza itifaki. Alilaza viti, akawasha gari.

* * *

Kesho yake daktari alisema wamechomoka, mama na mtoto, lakini dakika kumi zaidi wangekuwa wanazungumza mengine. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye hasira.

Bwana Ndalahwa alifika saa za kuona wagonjwa na mfuko wa machungwa na jalada la kijani. Aliwapa pole kwa moyo wote, akamsifu mtoto, akafungua jalada kwenye ukingo wa kitanda.

"Ni hati ya kufunga mradi tu, Bi Nyamizi. Inasema barabara ilifunguka tarehe nne. Ukisaini, hakuna atakayekufuatilia kuhusu yaliyoangukia korongoni."

Kabula aligeuza kichwa kwenye mto. "Tarehe nne?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Alhamisi baada ya hiyo nilishinda mlangoni na begi langu. Nani aliandika tarehe nne?"

Bwana Ndalahwa alishughulika na machungwa.

"Mimi," Nyamizi alisema. "Nilidhani askari wataondoka. Zikaondoka ngazi."

"Ulijua zimeondoka kwa sababu yako?"

"Nilijua."

Nyamizi alitamani mdogo wake amtukane. Kabula akasema, "Nimechoka kumshika. Mchukue," akamsogezea mtoto.

Nyamizi alimpakata kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alichukua kalamu, akaikata tarehe nne kwa mistari miwili, akaandika tarehe ya jana na saa, na chini yake maneno haya: "Kabla ya hapo jiwe lilikuwepo. Nilisema halipo. Karibu limuue Kabula." Akasaini.

Bwana Ndalahwa alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Alilifunga jalada, akaaga vizuri, akatoka. Mlango haukujifunga wote, nao wakasikia sauti yake kwenye korido, laini na yenye furaha.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Amesaini. Hapana, Mheshimiwa, hakuna kilichobadilika."

Nyamizi alimrudishia Kabula mtoto, akatoka pekupeku, akimkimbilia Bwana Ndalahwa na jalada lake.